Jahazi Halikuwa Dhaifu: Mageuko ya Viumbe na Mageuko ya Uchumi

Ukikaa barazani Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, baada ya swala ya alasiri, kahawa ikizunguka, mazungumzo hayachukui muda kufika bandarini. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, kila mtu ana lake: ajira, uvuvi, ardhi, majahazi. Juzi kijana mmoja aliyerudi kutoka chuoni alitoa hoja iliyowanyamazisha wakubwa. "Wazee wangu, mniwie radhi," alisema, "lakini hii ni sayansi. Ndiyo mageuko yenyewe. Mwenye nguvu hubaki, dhaifu huondoka. Jahazi limeshindwa na meli, na mvuvi mdogo atashindwa na kampuni. Hapana wa kulaumiwa, ni maumbile tu."

Nahodha mmoja wa zamani alikiweka chini kikombe chake. "Mwanangu," akasema, "jahazi halikuwa dhaifu." Hakuongeza neno, na muda si muda adhana ya magharibi ikaita, tukainuka.

Kauli ya kijana si yake peke yake. Unaisikia redioni, unaisoma kwenye makundi ya WhatsApp kila duka la mtaani linapofungwa au kiwanda kinapowapunguza watu. Na ina ukweli ndani yake. Namna viumbe wanavyobadilika na namna watu wanavyojipanga kutafuta riziki zinafanana sana, na wasomi wameufuatilia mfanano huo kwa zaidi ya miaka 100. Ila kijana amebeba nusu ya somo, na nusu aliyoiacha nyuma ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa visiwani.

Tuanze na maneno yenyewe.

Mageuko ni mabadiliko ya taratibu ya aina fulani ya viumbe, kizazi baada ya kizazi. Ili yatokee, mambo matatu yanahitajika. La kwanza ni tofauti: samaki wa aina moja hawalingani, huyu ana umbo pana, yule jembamba, huyu hukomaa mapema, yule huchelewa. La pili ni urithi: sehemu ya tofauti hizo hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kupitia jeni, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. La tatu ni uteuzi: si wote wanaofikia kuzaa, na wale ambao tofauti yao inaendana na mahali wanapoishi huacha watoto wengi zaidi. Hayo tu. Yakikutana kwa muda mrefu, aina nzima hubadilika sura.

Najua neno hili huwashtua wengi kwetu, kwa kuwa wamelisikia likitajwa pamoja na nyani. Sayansi haisemi kwamba binadamu ametokana na nyani hawa tunaowaona leo. Inasema binadamu na nyani wana asili ya pamoja ya kale sana. Mjadala wa jambo hilo na imani una wenyewe na una heshima zake, nami siuingii hapa. Mazungumzo yangu ni ya samaki, ndege, vyombo na maduka.

Neno "uteuzi" huwapotosha watu, maana likitajwa tu mtu huuliza: nani anateua? Basi fikiria wavu. Wavu wenye matundu ya kadiri humnasa samaki mkubwa na kumwachia mdogo. Ukivua kwa wavu huo miaka na miaka, samaki wanaokomaa na kuzaa wakiwa bado wadogo ndio wanaowahi kuacha watoto kabla ya kunaswa. Baada ya vizazi kadhaa, bahari inakuwa na samaki wengi wanaokomaa wakiwa wadogo. Jambo hili limeonekana kwa samaki aina ya chewa (cod) wa Atlantiki ya kaskazini waliovuliwa kupita kiasi. Wavu hauna akili wala nia. Umeteua bila ya kuwapo mteuzi.

Mfano mwingine unatoka mbali, kisiwa kidogo cha Daphne Major katika visiwa vya Galapagos. Watafiti wawili, mume na mke, Peter na Rosemary Grant, walianza mwaka 1973 kuwapima ndege wadogo wala mbegu wanaoishi pale, mmoja mmoja, kila mwaka. Mwaka 1977 mvua ilikatika. Mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki kubwa ngumu. Ndege wengi walikufa, na waliosalia walikuwa hasa wale wenye midomo minene inayoweza kupasua mbegu ngumu. Watoto wao wakazaliwa na midomo minene vilevile. Kijana wetu wa barazani angesema: umeona, wenye nguvu wameshinda. Lakini baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1983, mbegu ndogo zilijaa kisiwani, na sasa wenye midomo midogo ndio waliofanya vizuri. Mdomo mnene ulikuwa neema mwaka ule wa ukame, ukawa mzigo miaka michache baadaye. Ndege ni walewale, kisiwa ni kilekile, kilichogeuka ni hali ya chakula.

Tafsiri mbovu ya "mwenye nguvu hubaki" ina historia yake. Charles Darwin alipotoa nadharia yake ya mageuko mwaka 1859 hakuitumia kauli hiyo. Iliundwa na Mwingereza mwingine, Herbert Spencer, mwaka 1864, na Darwin akaichukua baadaye. Neno la Kiingereza lililomo ndani yake, "fittest", kwa matumizi ya Darwin, lina maana ya kufaa, kukaa sawasawa, jinsi kofia ya vito inavyomkaa mtu. Kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa cha babako inaweza kuwa kazi bora kuliko zote mjini, na bado isikukae wewe. Kiswahili chetu kingeweza kuitafsiri kwa neno moja rahisi: anayefaa. Tulipolibadilisha likawa "mwenye nguvu", tulibadilisha sayansi nzima.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Uchumi na elimu ya viumbe vimekopeshana mawazo tangu mwanzo. Mwaka 1798, Thomas Malthus, mtu wa dini aliyekuwa pia mwanauchumi, aliandika kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula, na kwa hiyo lazima pawe na kung'ang'ania. Darwin alimsoma mwaka 1838 na akaona pale ufunguo aliokuwa akiutafuta: ikiwa kila kiumbe huzaa kuliko wanaoweza kuishi, basi tofauti ndogo huamua nani abaki. Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo lilelile peke yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa wa homa katika visiwa vya Indonesia, naye alimkumbuka Malthus. Kwa hiyo mtu anayesema "uchumi unafuata sheria za maumbile" asisahau kwamba wazo lenyewe la maumbile lilizaliwa na upande mmoja wa uchumi.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa uchumi. Nikisema hivyo namaanisha jibu la maswali manne ambayo kila kundi la watu wanaofanya kazi pamoja lazima lijibu: nani anafanya nini, nani anaamua, mali ni ya nani, na pato linagawanywaje. Duka la familia lina majibu yake, ushirika una yake, kampuni yenye hisa ina yake. Chombo cha uvuvi nacho kina yake, na hapa nataka tukae kidogo.

Mashua imerudi Faza, kijiji cha kisiwa cha Pate, na samaki wake wameuzwa. Tuseme mauzo ni shilingi 12,000. Kwanza hutolewa gharama za safari, mafuta, barafu na chakula, tuseme 3,000. Zinabaki 9,000. Theluthi inakwenda kwa mwenye chombo na nyavu, yaani 3,000. Zile 6,000 zinakatwa mafungu sita: nahodha mawili, mabaharia wanne fungu mojamoja. Kila baharia anaondoka na 1,000. Siku mbaya, mauzo yakiwa 6,000 na gharama zilezile, baharia anaondoka na 333. Viwango hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini umbo la hesabu ni hilo.

Kwa nini hawalipwi mshahara? Mwenye chombo yuko nchi kavu, hawezi kuona nani anavuta wavu na nani anausingizia mgongo. Na bahari haina ahadi. Siku ya kukosa, tajiri mwenye kulipa mshahara angefilisika, na siku ya kupata, baharia wa mshahara asingekuwa na sababu ya kuongeza jitihada. Mgao unayamaliza matatizo yote mawili kwa pamoja: hasara inabebwa na wote, na kila mkono una haki yake katika kile unachovuta. Hakuna profesa aliyekaa akaubuni. Kuna waliojaribu hivi, wengine vile, utaratibu uliowaweka watu pamoja ukaigwa, na uliowagombanisha ukaachwa. Tofauti, urithi, uteuzi.

Ukisafiri hadi Iceland, au pwani ya mashariki ya Marekani, unawakuta wavuvi nao wanagawana mafungu. Hawakuiga kwetu wala sisi hatukuiga kwao. Wataalamu wa viumbe wanalijua jambo hili vizuri. Mtazame pomboo anapopita mkondoni kati ya Lamu na Manda, kisha mtazame papa. Pomboo ananyonyesha na anavuta pumzi juu ya maji, papa ni samaki. Kwa ukoo, pomboo yuko karibu na ng'ombe kuliko papa. Lakini maumbo yao yamekuja kufanana kwa sababu maji yanadai umbo lilelile kwa yeyote anayetaka kwenda kasi. Bahari isiyotabirika nayo inadai mgao. Tatizo likiwa moja, majibu hukaribiana hata kwa wasiojuana.

Je, katika uchumi kinachorithiwa ni nini, maana hakuna jeni za duka? Wanauchumi Richard Nelson na Sidney Winter walitoa jibu mwaka 1982 ambalo mimi naliona zuri: ni desturi za kazi. Yale mambo ambayo kundi huyafanya bila kuyafikiria upya kila asubuhi, jinsi ya kupima, kukopesha, kufundisha, kuandika deni. Nenda Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, uone. Fundi anaunda chombo bila ya ramani. Anaweka mkuku, ule uti wa chini, anasimamisha fashini za mbele na nyuma, anapandisha mbao, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yanafuata kwa jicho na kwa kipimo cha mkono. Mwanafunzi wake aliyeanza kwa kuokota misumari anajifunza miaka, na anapofungua banda lake mwenyewe, anaondoka na kipimo kilekile, lakini kimeshageuka kidogo. Kalamu mbili za mafundi wawili hazichori mstari mmoja. Ndipo utamsikia mtu aliyezoea akiliona tanga mbali na kusema chombo kile ni cha banda gani.

Sasa turudi kwa nahodha na neno lake, na nianze na chombo kilichotangulia jahazi, mtepe. Wabajuni wa visiwa vyetu waliuunda bila msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za nyuzi za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mfano wake upo katika jumba la makumbusho la Lamu, na kila nikiingia pale huwa nakaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mtepe ulivuja. Mabaharia walifua maji safari nzima. Lakini ubavu wake ulikuwa unapinda. Uliweza kupanda pwani yenye mchanga na kugusa mwamba bila kupasuka, jambo ambalo chombo kigumu cha misumari hakikulivumilia. Malighafi yake yote ilitoka hapahapa: mnazi, mkoko, miyaa. Mahali ambapo chuma ni ghali, nazi ni tele, na chombo kinapakulia ufukweni, mtepe ndio uliokuwa unafaa. Ulidumu karne nyingi, ukatoweka mwanzoni mwa karne ya 20, pale misumari ilipokuwa rahisi kupatikana na kazi ya kushona ikaonekana inakula siku nyingi mno. Mtepe wenyewe haukuharibika. Mahali ulipofaa ndipo palipobadilika.

Jahazi ni kisa kingine. Lilisafiri kwa pepo mbili ambazo kila mtu wa hapa anazijua: kaskazi inayokuja kutoka Arabuni kati ya Desemba na Machi, na kusi inayorudisha huko. Vyombo viliondoka Lamu na mikoko iliyokatwa na kupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikihesabiwa kwa korija, ishirini-ishirini. Vilivyokuja vilileta tende na mazulia. Nyumba za nchi za Ghuba, ambako miti ni haba, ziliezekwa kwa boriti zetu. Biashara hiyo ilipunguzwa na saruji na chuma baada ya mafuta kuzitajirisha nchi zile. Kisha mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, ili kuilinda mikoko. Nia ilikuwa njema na mikoko ilihitaji kulindwa. Lakini tukiulizana jahazi la safari ndefu lilikufa kwa nini, hatuwezi kujibu "udhaifu". Shehena yake ilikatazwa kwa amri.

Hapo ndipo mfano wa maumbile unapofika ukingoni. Ukame wa Daphne Major haukuamuliwa na mtu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na kuihamisha biashara ya pwani nzima kwenda kusini kwetu, iliamuliwa na watu, ikalipiwa na serikali, ikapitishwa pale ilipopitishwa. Katika uchumi, sehemu kubwa ya mazingira ni maamuzi: sheria, ushuru, barabara, mikataba, leseni. Wavu huu una mwenyewe, na ukubwa wa matundu yake umechaguliwa.

Kuna mfano mmoja wa kwetu ambao ni mchungu, lakini bila huo makala haya yangekuwa na kasoro. Katika karne ya 19, mashamba ya bara inayotazamana na visiwa vyetu yalitoa nafaka na ufuta kwa wingi, na Lamu ikatajirika. Yalilimwa na watumwa. Ukiupima mpangilio ule kwa faida peke yake, ulikuwa unafaa. Ulizaa, ulienea, uliigwa. Ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1907, na utajiri wa mashamba yale ukaporomoka. Mtu anayesema kila kinachobaki kinastahili kubaki, na kila kinachokufa kilistahili kufa, amkumbuke yule aliyeshika jembe kule. Kufaa ni habari ya nani anaacha wengi nyuma yake katika hali fulani. Haki ni swali jingine, na sayansi ya mageuko haijawahi kudai kulijibu.

Tofauti nyingine ni nyepesi kuielewa. Samaki hawezi kuazima pezi la jirani. Mvuvi anaweza kuazima mashine ya jirani leo na kesho kununua yake. Kiumbe hupokea jeni zake mara moja, na kile anachojifunza maishani hakimfikii mtoto kwa njia ya damu. Mwanasayansi wa Kifaransa Lamarck, kabla ya Darwin, aliamini kwamba kinafika. Kwa viumbe alikosea, ila kwa maduka na kampuni angekuwa karibu na ukweli, kwa kuwa watu hujifunza katikati ya safari na kumrithisha wa pembeni kile walichojifunza. Ndiyo maana uchumi hugeuka kwa miaka wakati spishi nyingi huhitaji maelfu ya miaka.

Pia vitu hubadilishwa kazi. Manyoya yalikuwapo kwenye miili ya dinosari wasioruka, labda kwa joto, labda kwa mapambo, kabla ya kuwa chombo cha kuruka. Salio la simu nalo liliundwa kwa ajili ya kupiga simu, lakini Wakenya walikuwa wameshaanza kulitumia kama fedha, mtu akimtumia mamake salio naye anamuuzia jirani, kabla M-Pesa haijaanza Machi 2007. Kazi mpya ilijitokeza ndani ya kitu cha zamani, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, pande zote mbili.

Ipo dhana nyingine inayopaswa kuondolewa, kwamba mageuko ni ngazi na kila kilicho chini kinapanda. Mwaka 2001 wavuvi wa Malindi walimnasa silakanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Sura yake haitofautiani sana na ya jamaa zake waliogeuka mawe. Hakuchelewa darasani. Anaishi kwenye kina cha giza ambako mambo hubadilika polepole sana, na umbo alilonalo linamtosha. Nikimwona punda akipita na magunia mawili ya mchanga katika vichochoro vya mji wa kale, mabega yake yakikaribia kugusa kuta za mawe pande zote mbili, huwa namfikiria samaki huyo. Pikipiki zimeanza kuingia kisiwani, lakini kichochoro cha upana ule, chenye ngazi, watoto na mifereji, bado ni milki ya punda. Wanaomwita dalili ya kubaki nyuma hawajawahi kupandisha matofali hadi ghorofa ya mwisho ya Mkomani.

Na kuna kosa moja la kijana wetu ambalo ni la elimu ya viumbe yenyewe: kudhani kwamba maumbile ni vita tupu. Tumbawe, lile jiwe hai linalotengeneza miamba yetu, huishi na mimea midogo sana ndani ya mwili wake. Mimea inalilisha kwa nguvu ya jua, nalo linaipa makao. Vikitengana kwa joto la bahari, tumbawe hubaki jeupe na linaweza kufa. Chembe za miili yetu wenyewe ni matokeo ya muungano. Mwaka 1967 Lynn Margulis alieleza kwamba vile viungo vidogo vinavyoipa chembe nguvu vilikuwa zamani bakteria wanaojitegemea, wakaingia ndani ya chembe nyingine na kubaki. Wengi walimpuuza, leo linafundishwa shuleni.

Upande wa uchumi, Ronald Coase aliuliza mwaka 1937 swali linaloonekana la kitoto: ikiwa soko linaweza kila kitu, kwa nini kuna kampuni? Kwa nini mabaharia wasipatane bei upya kwa kila wavu unaovutwa? Jibu lake ni kwamba kupatana kuna gharama. Kumtafuta mtu, kujadiliana, kumchunga asikudanganye, vyote vinakula muda na fedha, na mahali gharama hizo zinapozidi, watu huona heri wajifunge pamoja chini ya utaratibu mmoja. Chombo chenye nahodha mmoja na mgao unaojulikana ni mwili mmoja kwa sababu hiyohiyo. Ushindani upo, lakini mara nyingi kinachoshindana ni makundi ya walioshikamana.

Basi kijana aliposema mvuvi mdogo ataondoka na hapana wa kulaumiwa, alikuwa ameyachanganya mambo mawili. Mkondo uliochimbwa ili meli kubwa zifike gatini haukuchimbwa na mawimbi. Wavuvi wa Lamu walilisema hilo mbele ya sheria, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikubali kwamba haki zao zilikiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hakuna ndege wa Galapagos aliyewahi kuushtaki ukame. Mimi naamini bandari inaweza kuwa na faida kwa mji huu, na naamini vilevile kwamba mtu anayeelezwa kuwa kupotea kwake ni "maumbile" ananyimwa nafasi ya kuuliza nani alichora ramani.

Jumamosi nilikwenda Matondoni. Chini ya kivuli cha makuti palikuwa na mashua inayokaribia kukamilika, omo yake, yaani sehemu ya mbele, imepanda kwa mkunjo uleule wa siku zote. Lakini tezi, sehemu ya nyuma, ilikuwa imekatwa bapa, na ubao mnene wa kushikia mashine umepigiliwa kwa nyuma. Nilimuuliza fundi alijifunza wapi. "Niliona chombo Kizingitini," alisema, "nikajaribu. Cha kwanza kilivuja hapa." Akanionyesha kwa kidole. "Cha pili kilikuwa kizito nyuma, wenyewe wakalalamika." Hiki ni cha tano. Alipima kwa shubiri, akaweka alama ya mkaa, akamwita mwanafunzi wake, mvulana wa miaka kumi na kitu, aje ashike ncha ya pili ya uzi.